Dume Kutoka Embu

Samaki wangu alikuwa jike, na nilijua tangu mwezi wa kwanza. Naanza na hilo kwa sababu kwa mwaka mzima nilimwambia mtu mwingine kwamba ni dume, tena kwa sauti ya mtu anayelipwa kujua mambo kama hayo.

Na kweli nalipwa. Nauza dawa za mifugo Makutano, hapa Meru, na wateja huniita daktari ingawa nina stashahada tu. Mtu akiniletea sungura kwenye kikapu, namgeuza, nabonyeza kidogo kwa vidole viwili, namwambia jike au dume kabla hajamaliza kunisalimia. Hiyo ndiyo sifa yangu mjini, na nimeipenda kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Tangi la maji ya chumvi lilianza kama ubishi. Nilikuwa nimeona moja Nairobi, kwenye duka la samaki wa mapambo, nikarudi nyumbani nikilisimulia. Mume wangu akasema samaki wa bahari hawezi kuishi mahali ambapo hata sisi tunalala na blanketi tatu. Aliposema hivyo nilijua nitanunua. Mwanzoni nilidhani chumvi ni chumvi. Nilikoroga maji na chumvi ya ng'ombe kutoka kwenye rafu yangu mwenyewe, na samaki wawili wa kwanza wakafa kabla ya jioni. Mume wangu alikula chakula chake kwa utulivu ulioniudhi kuliko maneno. Basi nikaagiza chumvi ya matangi, nikanunua kifaa cha kupasha maji moto, betri ya kushikilia pampu stima ikipotea, na kipimo cha chumvi. Mwaka wa pili mawe yalikuwa yamejaa uhai na maji yalikuwa yametulia, nikanunua mandarini.

Mandarini ni samaki mdogo, hafikii urefu wa kidole cha kati. Mwili wake ni wa buluu, umechorwa mistari ya rangi ya chungwa na kijani inayopinda huku na huku kama kitenge. Haogelei sana, hurukaruka juu ya mawe kwa mapezi yake ya chini, akichungulia kila ufa. Anachotafuta ni vijidudu vya maji ya chumvi vilivyo hai, vidogo kuliko chembe ya unga wa uji, naye huvidonoa kimoja kimoja kutwa nzima. Chakula kilichokufa hakitaki. Vijidudu vikiisha anakonda, na akishakonda ni vigumu sana kumrudisha. Kwa hiyo ilibidi nifuge na vijidudu: madumu matano dirishani, maji ya kijani, kila dumu na mrija wake wa hewa. Mume wangu akasema sasa tumeanza kufuga chawa. Nilimwacha na maneno yake.

Kumjua dume ni rahisi ukitaka kumjua. Mgongoni mandarini ana mapezi mawili. Lile la mbele, kwa dume, uti wake wa kwanza hurefuka ukasimama kama antena ya redio. Kwa jike ni fupi tu. Shida ni kwamba samaki hulilaza pezi hilo karibu siku nzima, na hulinyanyua anapomwona mwenzake. Na hapo ndipo mtu hatakiwi kukosea, kwa sababu madume wawili hawakai kwenye tangi moja. Watapigana mpaka mmoja afe.

Mwalimu nilimpata kwenye kundi la simu la wafugaji wa samaki hawa. Wengi walikuwa wa Nairobi na pwani. Huku mlimani tulikuwa wawili tu, mimi Meru na yeye Embu, mwalimu mstaafu wa baiolojia mwenye maneno mengi na picha nyingi. Naye alikuwa na mandarini mmoja. Muuzaji wetu alikuwa ameacha kuwaleta, akisema wanamfia njaa dukani, kwa hiyo samaki hawa wawili ndio waliokuwa tumaini letu pekee la kupata jozi. Na sote tuliitaka jozi. Jioni, taa za tangi zinapofifia, dume na jike walioelewana hupanda pamoja, shavu kwa shavu, kutoka kwenye mawe hadi karibu na uso wa maji, na huko juu ndiko jike hutaga. Tulikuwa tumeona kwenye video. Tulitaka kuona kwa macho yetu, kwenye sebule zetu, huku ambako kila mtu alisema haiwezekani.

Sasa nieleze kilichotuharibia. Mimi nimezaliwa Muthara, na baba yangu ndiye aliyekaa na beberu la kikundi cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Beberu hilo halikutoka zizini. Wenye majike ndio waliotembea, kamba mkononi, juani, wakafika kwetu wamechoka, wakapewa kiti na chai wakasubiri zamu. Baba alikuwa mtu mpole, lakini siku za beberu alikaa pale uani kama chifu. Sungura ni vilevile: unambeba jike umpeleke kwenye kizimba cha dume. Jike ndiye husafiri. Mwalimu naye ametoka upande wa chini wa Embu, kwenye joto, kwa watu wa mbuzi, na amelelewa na kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuitaja. Siku tuliyoanza kuzungumza habari za jozi, samaki wangu aligeuka dume mdomoni mwangu.

"Hiyo yako ni ya kike, Daktari," alikuwa akiniambia kwa simu. "Mimi nimefundisha hii vitu miaka yote."

"Ni ya kiume. Hiyo antena ilivunjika wakati walikuwa wanasafirisha."

"Ikavunjika ikabaki laini hivyo?"

"Mwalimu, leta yako hapa tuone nani atapiga nani."

"Yangu haisafiri. Wewe ndio unafaa kuleta."

Tulicheka, tukakata simu, wiki iliyofuata tukaanza tena. Wake alikuwa dume bila ubishi. Picha zake zilionyesha antena ndefu, imesimama wima. Wangu ndiye aliyekuwa wa mabishano. Ukifikiria vizuri, uongo wangu haukuwa na faida, maana madume wawili si jozi. Lakini kukubali kwamba ni jike kulimaanisha kumtia kwenye mfuko wa maji na kumpeleka Embu, zaidi ya saa mbili barabarani, kwenye tangi nisilolijua, na asirudi. Nilikuwa nimemlisha kwa mikono yangu. Kila asubuhi nikija na kikombe cha chai alitoka kwenye ufa wake akanitazama kwa yale macho yake yanayozunguka. Nilimpenda, na sikutaka kumtoa. Badala ya kusema hivyo nilisema ni dume, na nikashikilia.

Kisha Mwalimu akanyamaza. Sikumsikia kwa mwezi mmoja na zaidi, na kwa kuwa mimi nina kichwa kigumu, nilidhani amechoka kubishana na mimi na nikaamua sitakuwa wa kwanza kupiga. Halafu Jumatano moja mtu wa pwani aliuliza kwenye kundi kuhusu aina fulani ya ukoga, na Mwalimu akaweka video fupi ya kioo cha tangi lake, bila neno. Ukoga ulionekana. Nyuma ya ukoga, kwenye kona, nilimwona mandarini.

Ng'ombe mwenye njaa humtazami mbavu kwanza. Unatazama lile shimo la ubavuni mbele ya nyonga. Likizama, huna muda. Samaki hana nyonga, lakini ana mahali pake, nyuma ya kichwa na tumboni. Yule wa Mwalimu alikuwa amebonyea pale nyuma ya kichwa, na mgongo wake umekuwa mwembamba kama kisu. Niliirudia video mara tatu nikiwa nimesimama kwenye kaunta, mteja akinisubiri na chupa ya dawa ya kupe. Nilimhudumia, nikatoka nje, nikapiga simu.

"Samaki yako anakufa," nilisema.

"Stima ilipotea siku nne. Vijidudu vikaisha. Lakini ataanza kula tu."

"Atakula nini?"

"Nimemwekea ya kugandisha."

"Hawezi kula hiyo, na unajua hawezi. Mlete hapa. Mimi niko na madumu tano yamejaa."

"Kwako si kuna dume?" Alisema polepole, bila kejeli. "Mwaka mzima umeniambia ni dume. Si wataua mmoja?"

Nilisimama pale kando ya barabara, malori yakipita, na kwa mara ya kwanza aibu ya jambo hilo ilinishika. Ubishi wangu wa kuchekesha ulikuwa umemfungia mlango samaki mwenye njaa. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikafunga duka saa tisa, kitu ambacho sifanyi hata nikiwa mgonjwa.

Nyumbani nilichukua kioo cha kunyolea cha mume wangu. Njia hii naijua miaka yote: ukiweka kioo kwenye ubavu wa tangi, samaki ataona mwenzake na atanyanyua pezi. Sikuwahi kuifanya, na sababu ni moja tu: niliogopa kuliona kwa macho jibu nililokwisha kulijua. Nilipiga magoti kwenye zulia nikakiegemeza kioo. Alikuja akirukaruka, akasimama, akageuka ubavu. Akanyanyua pezi. Lilikuwa fupi, halina antena. Nilimtazama upande wa kushoto, nikahamisha kioo, nikamtazama upande wa kulia. Uti uliovunjika huacha kisiki na ukingo wenye makovu. Ukingo wa pezi hili ulikuwa umenyooka kama ulivyozaliwa.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, povu la sabuni kwenye mashavu, akitafuta kioo chake. "Ni nini?"

"Jike."

"Na si ulijua?" alisema, akanyoosha mkono nimpe kioo.

Nilimpigia Mwalimu hapohapo kabla ujasiri haujaisha. Nilimwambia ni jike, na kwamba nimejua siku nyingi.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka mzima. Sasa mlete."

Nilingoja anicheke, na nilistahili. Lakini hakucheka vizuri. Ilikuwa sauti tu. "Kwa hivyo unataka dume yangu ikuje kuolewa Meru."

"Nataka ikuje kula."

"Wacha nione mpaka Jumapili."

"Jumapili hatakuwa hapo, Mwalimu."

"Wacha nione," alirudia, na akakata.

Nilikasirika, na hasira yangu si ya kuficha. Nilijiambia huyu ni mzee anayependa heshima ya dume kuliko dume mwenyewe, heri samaki afe kwake kuliko kuonekana amempeleka kwa jike. Sikukumbuka kwamba siku hiyohiyo mimi ndiye niliyekuwa na ugonjwa huo. Asubuhi nilitia kwenye pikapu yetu ya kubebea chakula cha kuku ndoo yenye mfuniko, pampu ndogo ya betri, dumu la maji ya tangi langu na kikombe cha plastiki. Mume wangu aliniuliza kama Mwalimu anajua ninakuja. Nikamwambia atajua nikifika.

Nilifika Embu kabla ya saa tano. Nyumba ilikuwa ya mawe, safi kwa nje, yenye ua wa maua. Kando ya ukuta kulikuwa na sufuria kubwa zimefunikwa kifudifudi, za kupikia watu wengi, na viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa mnara. Nikawaza: kumbe alikuwa na sherehe, na samaki ana njaa. Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, amevaa sweta iliyofungwa vifungo vibaya.

Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa. Tangi lilikuwa kubwa kuliko langu, na lilikuwa limeachwa. Kioo kimejaa ukoga, chumvi imeganda ukingoni, maji yananuka. Pampu ilikuwa kimya. Nilifuata waya kwa macho hadi ukutani, nikaona swichi imezimwa, na juu yake, kwenye ukuta huohuo, taa ndogo nyekundu ya redio ikiwaka.

"Stima iko," nilisema.

Aliitazama swichi, kisha sakafu.

Hapo nilisema mengi. Nilimwambia mnyama hawezi kujifungulia mlango akatafute chakula, anamtegemea aliyemfungia. Nilimwambia kama amechoka angemtoa mapema, angeuza, angepigia hata mtu asiyempenda. Nilimwambia amefundisha watoto wa watu uhai wa viumbe na ameshindwa kubonyeza swichi. Nilisema yote hayo nikiwa nimeinama, mkono ndani ya maji yake hadi begani. Samaki alikamatika kwa kikombe mara ya kwanza tu, na hilo lilinitisha, maana mandarini mwenye nguvu humshiki hivyo. Mwalimu alisimama mikono imening'inia, akisikiliza kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Hakunikaribisha kiti. Hakunikaribisha hata chai, na mimi, katika hasira ile, niliongeza hilo kwenye orodha ya makosa yake. Mtu ametoka Meru na humpi chai.

Alinifuata hadi kwenye pikapu. Nilipokuwa nafunga ndoo isiyumbe, alisema, "Huwa analala nyuma ya jiwe la kushoto."

"Kwangu atalala atakapopenda," nilijibu, nikawasha gari.

Maji ya ndoo niliyachanganya na ya kwangu tone kwa tone, kwa mrija mwembamba wa dripu kutoka dukani, zaidi ya saa moja. Kisha nikamweka kwenye kisanduku cha wavu nilichokiningʼiniza ndani ya tangi, amwone jike na jike amwone, lakini wasigusane. Alilala chini ya kisanduku bila kujongea. Nilichukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikavuta vijidudu kutoka kwenye dumu, nikamimina mbele ya mdomo wake. Vilimpita usoni, hakufungua mdomo. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili nilifungua duka kwa kuchelewa, nikarudi saa saba, nikarudi saa kumi. Vijidudu vilimzunguka, baadhi vikamkaa kwenye pezi, naye alitazama tu. Nilimwambia mume wangu huyu hafi. Aliniuliza nani kasema. Nikamwambia mimi nimesema.

Siku ya tatu asubuhi alidonoa. Mara moja, kisha akapumzika muda mrefu. Kisha tena. Nilikaa pale kwenye zulia mguu ukafa ganzi, nikahesabu mara kumi na moja, na nikatuma video Embu. Mwalimu akajibu neno moja: "Asante."

Kila siku nilituma video, na kila siku nikapata neno hilohilo. Hasira yangu ilikuwa imepungua lakini haijaisha, na jibu la neno moja haliisaidii hasira kuisha. Nilikuwa na kazi. Madumu matano hayakutosha matumbo mawili, nikaongeza manne. Dirisha la sebule likakosa mwanga na mume wangu akaanza kusomea gazeti jikoni. Wiki ya tatu lile bonde nyuma ya kichwa lilikuwa limejaa. Wiki ya nne dume alianza kunyanyua antena yake kila jike alipopita nje ya wavu, na jike akaanza kupita mara nyingi kuliko alivyohitaji. Nikamfungulia.

Siku mbili za kwanza jike alimfukuza. Alikuwa mwenyeji, na alihakikisha mgeni amelijua hilo. Mimi nilikaa karibu na kikombe mkononi, tayari kuwatenganisha, nikilaani kila kanuni ya sungura niliyowahi kuiamini. Siku ya tatu alimwachia jiwe moja. Ya tano nikawakuta wanadonoa jiwe lilelile, mmoja huku, mwingine kule. Na jioni ya wiki iliyofuata, taa zilipofifia, walipanda kidogo pamoja, kiasi cha kiganja, wakarudi chini kama walioona haya. Nilijua siku si nyingi watafika juu. Nilimpigia Mwalimu nikamwambia aje Jumamosi. Alisema ataona. Nikamwambia safari hii haoni kitu, anakuja, la sivyo nakuja kumchukua na anajua mimi nakuja.

Alikuja. Mume wangu alimkaribisha, wakala mukimo, wakazungumza habari za mvua. Saa kumi na mbili na nusu taa kubwa za tangi zilizimika zenyewe zikabaki zile za buluu, na tukasogeza viti. Mume wangu alituachia, akasema yeye wapenzi wa watu hawaangalii.

Dume alitoka kwanza, antena juu, mapezi yamefunguka yote, akaenda akamzunguka jike. Jike alibaki juu ya jiwe kama asiyejali. Kisha akanyanyuka, dume akaingia ubavuni mwake, shavu kwenye shavu, na wakaanza kupanda polepole, wakitetemeka. Walipita jiwe la juu. Walipita mdomo wa pampu. Karibu kabisa na uso wa maji walisimama kwa muda mfupi, na wingu dogo jeupe la mayai likatoka, wakaachana na kushuka kila mmoja kwake. Yote hayakuzidi muda wa kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Mwalimu bila kujua.

"Daktari," alisema, macho kwenye tangi. "Siku ile ulikuja, ilikuwa wiki ya tatu."

"Ya tatu ya nini?"

"Tangu tuzike mama watoto."

Niliuachia mkono wake, kisha nikaushika tena.

"Stima haikupotea. Ni mimi nilizima. Hiyo kelele ya pampu, inaendelea tu, usiku na mchana inaendelea, na nyumba imenyamaza. Nikaona siwezi. Nikazima. Kesho yake nikasema nitawasha, nikakosa kuamka." Alipangusa pua kwa kiganja. "Hii samaki ni yeye alichagua. Mimi nilikuwa nataka ile ya manjano."

Zile sufuria, vile viti. Kila mtu anayeingia dukani kwangu, hata anayenunua dawa ya minyoo ya shilingi chache, namuuliza habari za nyumbani kabla sijamuuliza anataka nini. Ndivyo tulivyolelewa, hata adui unamuuliza. Kwa Mwalimu niliingia mlangoni nikapita moja kwa moja hadi kwenye tangi. Kama ningeuliza watu wa nyumbani wako aje, ningejua palepale. Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nililia kwa sauti hadi mume wangu akachungulia kutoka jikoni.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilikugombeza kwa nyumba yako na sikuuliza hata habari."

"Wacha kuniomba msamaha." Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. "Watu wote walikuwa wananiambia pole. Pole Mwalimu, pole Mwalimu, wanaongea chinichini kama mimi niko kitandani hospitali. Hakuna mtu alikuwa ananiambia nimekosea kitu. Wewe ulikuja ukanigombeza kama mtu ako na kazi na amekataa kufanya. Ulipoenda nilisimama, nikafungua mapazia, nikajipikia chai. Ilikuwa mbaya sana, lakini nilikunywa."

Tulikaa. Chini ya jiwe jike alikuwa ameshaanza kudonoa tena.

"Kesho tunaenda kwako kuosha hiyo tangi," nilisema.

"Kesho ni Jumapili, Daktari."

"Mungu atatuona tukiwa huko."

"Mawe yote yamekufa."

"Tutaanza na mawe."

"Na chumvi sina."

"Mimi niko na mfuko haujafunguliwa. Na madumu tisa, utaenda na manne."

Alipiga goti lake kwa vidole. Kisha akauliza tutaondoka saa ngapi. Nikamwambia alale kwetu, na saa kumi na mbili asubuhi awe amevaa gambuti za mpira za mume wangu, kwa sababu sitamsubiri.